Kijiti Kilichowekwa Bure Kitolewe Bure

Hotuba ya kamati ya fedha kwenye harambee ya mwaka ya wana Kingerikiti

  

Kwa kawaida kamati ya fedha ikisimama hapa, watu hushika mifuko yao. Leo pia mnaweza kushika, lakini kwanza mtusikilize. Taarifa ya mapato na matumizi mmepewa mlangoni, kila shilingi na stakabadhi yake, kwa hiyo hatutaisoma. Tumeomba dakika hizi tueleze jambo moja tunalotaka liingie kwenye bajeti ya mwaka ujao. Ni jambo ambalo wanaume wa kamati hii walikuwa hawalijui. Wanawake walilijua siku zote, ila hakuna aliyewauliza.

Binti mmoja wa nyumbani, ambaye jina lake tunaliacha kwa wazazi wake, aliwekewa kijiti cha uzazi wa mpango na wahudumu waliokuja kijijini kwa gari siku moja. Alikuwa amejifungua mtoto wa pili, akataka apumzike kidogo. Kazi ilichukua dakika chache. Hakulipa kitu, akapewa kadi, akarudi nyumbani ameridhika. Baada ya mwaka mmoja na nusu damu ikawa haikatiki, wiki inaingia, wiki inatoka. Akaamua akakitoe.

Mara ya kwanza alipokwenda kituoni aliambiwa muuguzi anayejua kazi hiyo amehamishwa, arudi mwezi ujao. Mara ya pili muuguzi mwingine alikuwapo, lakini dawa ya ganzi ilikuwa imekwisha. Mara ya tatu muuguzi yupo, ganzi ipo, akaambiwa miaka mitatu haijatimia, avumilie, mwili utazoea. Alipozidi kuomba, akaambiwa aje na mume wake. Mume wake yuko Tunduru kwenye machimbo.

Sisi tukapiga hesabu, maana ndiyo kazi tunayoijua. Safari tatu kwa bodaboda, kwenda na kurudi. Siku tatu za kuchuma kahawa zimepotea, na ulikuwa msimu wenyewe. Mtoto mgongoni siku zote tatu. Huduma ya bure ilikuwa imeshamla fedha za mboga za miezi kadhaa, na kijiti bado kiko mkononi.

Safari ya nne hakwenda kituoni. Alikwenda kwa mtu anayeuza dawa, akamlipa, akachanwa mkono. Kijiti kilikatika, kikatoka nusu. Mkono ukavimba, homa ikapanda, na nusu iliyobaki ilikwenda kutolewa hospitalini, mbali. Shangazi yake alimpigia simu mmoja wetu kuomba fedha za matibabu. Tulichanga, tukatuma. Binti amepona na kovu lake. Tungeweza kuishia hapo, tuseme ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Lakini tulipowauliza dada zetu na wake zetu, kila mmoja alikuwa na kisa chake au cha ndugu yake. Huyu alirudishwa mara mbili. Yule anatembea na kijiti kilichopita muda kwa kuwa amechoka kurudishwa. Mwingine alitaka mtoto, mume akadhani ni yeye asiyetaka.

Ndugu zetu, tujue kwanza hali hii imetoka wapi. Vijiti vya zamani vilikuwa sita kwa mkono mmoja, vikiitwa Norplant. Siku hizi wengi huwekewa Jadelle, ambayo ni vijiti viwili vya miaka mitano, au Implanon, ambayo ni kimoja cha miaka mitatu. Mwaka 2012 mataifa na wafadhili walikutana London kuhusu uzazi wa mpango, na kuanzia 2013 watengenezaji walikubali kupunguza bei kwa nchi kama yetu, kutoka kama dola 18 hadi dola 8.50. Vijiti vikaja kwa wingi. Takwimu za taifa za afya ya uzazi zinaonyesha kwamba mwaka 2010 wanawake 2 katika kila 100 walioolewa walikuwa wanatumia vijiti. Kufikia 2015/16 walikuwa 7, na idadi imeendelea kupanda tangu hapo.

Mhasibu akiona namba hizo anauliza swali moja: vitatoka lini, na nani atavitoa? Kila kijiti kinachoingia leo ni deni litakaloiva. Sindano ikiisha nguvu, imeisha, hakuna cha kutoa. Vidonge unaviacha mwenyewe, hakuna unayemwomba ruhusa. Kijiti na kitanzi havitoki bila mkono wa mhudumu. Kwa hiyo aliyeweka amebeba ahadi ya kutoa, hata kama ahadi hiyo haikuandikwa kwenye kadi.

Na kutoa ni kazi ngumu kuliko kuweka. Implanon hufika ikiwa tayari ndani ya sindano yake: ganzi kidogo, unachoma, unasukuma, kimeingia. Kukitoa kunahitaji ganzi, kisu kidogo cha upasuaji, koleo nyembamba, glavu, dawa ya kusafisha, bandeji, na namna ya kuchemsha vyombo vikawa salama. Vitu hivyo haviji na boksi la vijiti. Tena gari la huduma ya mkoba linakuja asubuhi na kuondoka jioni. Linaacha vijiti mikononi mwa watu, na zahanati ndiyo inayobaki na deni.

Hatuko hapa kuwalaumu wauguzi. Wengi wetu tuna dada au shemeji anayefanya kazi hiyo, tunajua anavyokaa peke yake zahanatini na foleni ya watoto wenye homa, mjamzito ameshikwa na uchungu, na simu ya wilaya inadai taarifa. Kwenye mafunzo alijifunza kuweka, akaweka kwa wengi. Kutoa alionyeshwa, lakini mkono wake haukuzoea. Kijiti kikiwa kimeingia ndani sana anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Njia rahisi inakuwa kumwambia mama arudi siku nyingine.

Lakini kuna jambo halina mjadala. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema wazi kwamba mwanamke akiomba kijiti kitolewe, mhudumu asikatae wala asicheleweshe, kwa sababu yoyote ile aliyonayo huyo mwanamke. Muuguzi anaweza kumshauri, anaweza kumpa dawa ya kutuliza damu kama anapenda kujaribu. Akisema hapana, kitoke. Ile miaka mitatu au mitano ni muda wa kijiti kufanya kazi. Si kifungo alichohukumiwa mwenye mkono. Na huduma za uzazi wa mpango kwenye vituo vya serikali ni bure kwa mujibu wa sera, kuweka na kutoa.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Bangladesh, miaka ya mwanzo ya Norplant, watafiti walikuta wanawake maskini wa Dhaka wakiomba vijiti vitolewe na kukataliwa, huku wakiumwa. Mwaka 2015 wataalamu wa nchi mbalimbali waliunda kikosi cha kushughulikia utoaji wa vijiti tu, kwa kuwa waliona vinavyoingia vinaongezeka na njia ya kutokea haijaandaliwa. Mambo waliyoorodhesha ni ya kawaida kabisa: awepo mhudumu anayeweza, vifaa viwepo, gharama isimzuie mtu, mama ajue aende wapi na lini, na kiwepo kituo cha kupeleka kesi ngumu.

Tunajua pia kwamba katika ukumbi huu wapo ambao imani yao haikubali njia hizi. Tunawaheshimu, na baadhi yetu tuko upande huo. Hatukusimama hapa kumwambia mtu apange uzazi au asipange. Tunasema tu kwamba hapa tunakutana wote. Anayeona kijiti ni kibaya atafurahi kikitoka kwa salama. Anayeona ni kizuri ajue kwamba mwanamke aliyemwona jirani yake akizungushwa hatathubutu kukiweka. Na anayetaka mtoto wa tatu anataka mtoto wa tatu.

Sasa tunaombaje? Tumegawa ombi letu katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni vifaa. Tununue seti za kutolea vijiti kwa vituo vya kata yetu, zaidi ya moja kwa kila kituo, ili moja ikiwa inachemshwa nyingine iwe mezani. Tutazikabidhi kwa maandishi kupitia Mganga Mkuu wa Wilaya ya Nyasa, ziingizwe kwenye leja ya mali, nakala ibaki kwetu.

Fungu la pili ni mafunzo. Tuiombe halmashauri ipange wahudumu wawili kwa kila kituo wakafanye kazi ya kutoa chini ya mtu mzoefu mpaka mkono uzoee. Wawili, ili mmoja akihamishwa asiondoke na huduma. Sisi tuchangie nauli na chakula chao.

Fungu la tatu ni nauli ya kesi ngumu. Kijiti ambacho hakishikiki kwa kidole hakikatwi kwa kubahatisha. Mama huyo apelekwe hospitali yenye ultrasaundi na mtaalamu. Huko nauli ndiyo inayomzuia, na nauli tunaweza.

Fungu la nne ni daftari, na hili halitugharimu zaidi ya bei ya daftari. Aliyewekewa huandikwa. Aliyekuja kutolewa akarudishwa haandikwi popote, kwa kuwa hakupata huduma. Kwenye vitabu vya kituo safari zake tatu hazipo. Tunaomba kamati ya usimamizi ya kila kituo, ambayo ina wawakilishi wetu wananchi, iandike kila anayerudishwa: tarehe na sababu tu, bila jina. Muuguzi hayupo, ganzi imekwisha, ameambiwa asubiri. Miezi sita ikipita tutajua tatizo liko wapi, na tutaongea na wilaya tukiwa na karatasi mkononi.

Ndugu Mwenyekiti, mtu atauliza: je, si kazi ya serikali? Ni kazi ya serikali. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo hupokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao za benki, na kamati za usimamizi zina sauti kwenye mpango na bajeti. Ganzi na glavu vinaagizwa Bohari ya Dawa, na vikikosekana huko kuna utaratibu wa kununua kwa mshitiri. Kwa hiyo michango yetu ni ya kuanzia. Kuanzia mwaka wa pili vitu hivi viwe mstari kwenye bajeti ya kituo chenyewe, na wawakilishi wetu waulize kila robo mwaka kama mstari huo upo. Tukinunua ganzi kila mwaka kwa harambee tutakuwa tumekubali kwamba haki ya mama inategemea kama mwaka huu watu wa Dar es Salaam wamepata bonasi.

Kabla hatujakaa, tuna neno kwa watu wa nyumbani. Mama mwenye kijiti, tunza kadi yako na uangalie tarehe. Kijiti kilichopita muda hakigeuki sumu mwilini, ila hakikukingi tena kama mwanzo, kwa hiyo usikiache kwa kukata tamaa. Usimpe mtu wembe akuchane nyumbani wala dukani. Ukirudishwa, uliza jina la anayehusika na siku ya kurudi, kisha mwambie mjumbe wa kamati ya kituo. Na ninyi akina baba, mkeo akisema anataka kukitoa, msindikize ukiweza. Ukiwa mbali usigeuzwe kuwa sababu ya kumrudisha. Hakuna mwongozo unaosema sahihi yako ndiyo inayofungua mkono wake.

Tulijenga madarasa kwa mchango wa tofali moja moja, na tulisherehekea lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay kana kwamba tumeimwaga wenyewe. Mradi huu hauna jengo la kupiga nalo picha, wala hatutaweka jiwe la msingi. Ukifanikiwa utaonekana siku mama mmoja atakapotoka kwake asubuhi, akatolewa kijiti, akawahi kurudi shambani kabla ya jua kali, na asiwe na kisa cha kumsimulia shangazi yake.

Fomu za ahadi zinapita kwenye meza zenu. Mafungu yote manne yameandikwa, chagua lako. Atakayetoa leo apate stakabadhi leo, na mwakani wakati kama huu tutasimama hapa tuwaeleze kwa hesabu wangapi walitolewa na wangapi walirudishwa.

Mungu aibariki Kingerikiti.