Kulinda Ini Kabla ya Manjano: Udongo Unaonasa Sumukuvu, Kitui na Makueni



Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2004 watu 317 waliugua katika eneo letu, na 125 kati yao wakafariki. Makueni iliongoza, Kitui ikafuata. Wagonjwa walifika hospitalini macho yakiwa ya manjano na ini limekwisha kuharibika. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyohifadhiwa yangali na unyevu, yakaota ukungu unaotoa sumukuvu, yaani aflatoksini. Mahindi ya sokoni yalipopimwa, zaidi ya nusu yalikuwa yamepita kiwango cha wakati ule, sehemu 20 kwa bilioni. Mengine yalipita hata 1,000. Wala msiba huo haukuwa wa kwanza. Mwaka 1981, Makueni ingali sehemu ya Machakos, wagonjwa 20 walilazwa na 12 wakafa.

Hakuna dawa inayoiondoa sumu hii ikishalishika ini. Daktari humtegemeza mgonjwa tu, akitumaini ini litajijenga upya. Ndiyo maana nashikilia kwamba tiba ya majaribio inayotufaa sisi ni ile inayoikamata sumu ingali utumboni, na kwamba imepewa nafasi ndogo mno katika mipango yetu ya dharura.

Sumukuvu ikifyonzwa hupelekwa moja kwa moja kwenye ini. Huko vimeng'enya vya ini lenyewe, katika kazi yao ya kawaida ya kusafisha, huigeuza kuwa kemikali kali zaidi inayong'ang'ania protini na vinasaba. Sasa, kuna udongo laini wenye kalsiamu, wa jamii ya montimorilonaiti, ambao una matabaka membamba sana. Molekuli za sumu hunasa kati ya matabaka hayo, zikatoka pamoja na choo. Wenzetu wa Ghana waliujaribu kwa miezi mitatu, ukiwa ndani ya vidonge. Mwaka 2014 ukajaribiwa hapa Kenya, katika jamii inayokumbwa na sumu hii mara kwa mara. Watu wazima 50 wenye afya walipewa gramu 3 kwa siku, ama za udongo ama za unga usio na kazi, kwa siku 7. Wakapumzika siku 5, kisha wakabadilishana. Mkojo ulipimwa kila siku. Katika siku za udongo, masalia ya sumu kwenye mkojo yalipungua waziwazi, na karibu washiriki wote walisema wangekubali kuutumia tena.

Naomba tusielewane vibaya. Jaribio hilo lilihusu watu wazima wenye afya. Halitupi kipimo cha mtoto wala cha mjamzito. Na udongo huo husafishwa na kupimwa kwanza. Mawe laini yanayouzwa sokoni kwa akina mama wajawazito si dawa hiyo, na mhudumu akiulizwa kliniki aseme hivyo bila kusita.

Mbali na udongo, kuna jambo moja jikoni kwetu ambalo watafiti wamelithibitisha. Mahindi yakitwangwa kinuni kutengeneza muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, lile ganda la juu huondoka na karibu nusu ya sumu. Pumba hizo zinazobaki kwenye ungo ndizo tunazowamwagia kuku, na mbuzi wa maziwa nao hula. Mbuzi akila sumu, sehemu yake huingia kwenye maziwa, na maziwa hunywewa na mtoto. Pumba za mahindi yenye ukungu zichomwe au zifukiwe.

Uchunguzi wa 2004 ulionyesha pia kwamba wenye virusi vya homa ya ini aina ya B walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Watoto wetu wanachanjwa tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Wazazi wao wengi hawakupata chanjo hiyo. Tuanze kuwachanja hao.

Pendekezo langu kwa kaunti zote mbili ni hili: sampuli ya ghala au soko ikipita kiwango, familia zilizokula mahindi hayo zipelekewe mahindi safi wiki hiyo hiyo, na udongo uliopimwa utolewe kwa watu wazima chini ya uangalizi na kwa idhini yao, mkojo ukipimwa. Wanaoamua kugawa wawe maafisa wa afya na wa kilimo wakiwa meza moja, kwa sababu mwaka 2004 wagonjwa walihesabiwa hospitalini huku mahindi yakiendelea kuuzwa nje ya lango.