Fedha za Siku Moja na Kazi ya Kila Siku

Hotuba ya Mweka Hazina mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa matawi ya Kibera na Kawangware



Nimepewa nafasi hii niseme machache juu ya kazi tunazokusudia kuzifanya mwaka ujao, na jinsi ya kuzipatia fedha. Ndugu zetu wa Kibera wanataka choo cha watu wote pamoja na bafu, ili mama na binti wasiogope kutoka usiku. Ndugu zetu wa Kawangware wanataka chumba cha kusomea, ambamo watoto wa shule watapata meza na taa jioni. Haja zote mbili ni za haki, lakini mfuko wetu ni mmoja. Kwa hiyo baadhi ya wanachama wametoa shauri tufanye harambee kubwa, tumwalike mgeni wa heshima, tupate fedha za kazi zote mbili kwa siku moja.

Sina neno baya juu ya harambee. Tangu Mzee Jomo Kenyatta alipolifanya neno hilo kuwa wito wa taifa mwaka 1963, wananchi wamejenga shule na zahanati nyingi kwa michango yao. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini harambee hujenga kuta. Hainunui sabuni ya kila juma, haimlipi mfagiaji, wala haibadilishi taa iliyoungua. Jengo hufunguliwa kwa sherehe mara moja tu, nalo lahitaji kutunzwa kila siku. Hilo ndilo neno nililokuja kulisema.

Tutazame yaliyofanyika karibu nasi. Mwaka 2000 Bi. Tabitha Festo wa Kibera, muuguzi aliyefiwa na mumewe, alipata mtaji wa dola 26 tu za Marekani. Alifanya biashara ya mboga, na kwa faida yake akafungua zahanati nyumbani mwake. Alifariki mwaka 2004, lakini zahanati iliyopewa jina lake iliendelea kuwatibu watu, chini ya shirika la Carolina for Kibera lililoanzishwa mwaka 2001. Fedha zilikuwa chache, ila ziliangukia mikononi mwa mtu aliyejua zitazaa nini kesho.

Tena, huko huko Kibera kuna vyoo vilivyojengwa kwa msaada wa shirika la Umande Trust, navyo huendeshwa na vikundi vya wenyeji. Kila aingiaye hutoa ada ndogo. Uchafu hukusanywa katika tangi chini ya ardhi, ukatoa gesi ya kupikia. Choo cha namna hiyo hakimngojei mfadhili ndipo kipate sabuni.

Jambo jingine ni kiwanja. Mwezi wa Julai 2018 nyumba, shule na makanisa yalibomolewa Kibera ili kuipisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata. Mawe na mabati yaliyopatikana kwa taabu ya miaka yaliharibika kwa saa chache. Jamii ya Wanubi, ambao wazee wao walikaa Kibera tangu mwanzo wa karne ya 20, walipewa hati ya ekari 288 mwaka 2017 tu. Ikiwa wao walingoja muda huo wote, sisi tusithubutu kuweka jiwe la msingi pasipo ruhusa iliyoandikwa.

Kwa sababu hizo, naleta mbele yenu mashauri manne.

Kwanza, tufanye kazi moja kwa mwaka. Itangulie kazi ya tawi litakaloleta mambo matatu: ruhusa ya kiwanja, majina ya watakaoshika ufunguo, na hesabu ya gharama za mwaka wa pili. Tawi la pili lingoje zamu yake, huku likichanga sawasawa na lile la kwanza. Najua kungoja ni kuchungu. Lakini ni afadhali kungoja mwaka mmoja kuliko kuwa na majengo mawili yaliyofungwa kwa kufuli.

Pili, tuanze na mchango wetu wenyewe. Wanachama 60 wakitoa shilingi 50 kila juma, tutapata shilingi 3,000 kwa juma, na shilingi 156,000 kwa mwaka. Tukiwa na kiasi hicho mkononi, mgeni wa heshima atatukuta tumekwisha kuanza.

Tatu, sherehe zetu ziwe za gharama ndogo: mchezo wa mpira baina ya vijana wa matawi yetu, na mnada wa kuku na ndizi. Robo ya mapato isiguswe na fundi. Iwekwe akiba kwa ajili ya matunzo.

Nne, fedha zote zilipwe kwa namba ya chama, wala si kwa simu ya mtu. Kila mtoaji apewe stakabadhi, zisitolewe fedha bila saini mbili, na hesabu ibandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi. Na tuhakikishe usajili wetu unafuata Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naomba daftari langu likaguliwe kabla ya la mtu mwingine yeyote.

Wazee wetu, wengi wetu ni vibarua na wachuuzi. Atoaye shilingi 50 ametoa sehemu ya unga wa jioni. Akiona choo kimefungwa au chumba kiko gizani, hatatoa tena, wala hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Basi nawaomba myapime mashauri haya, mkate neno leo kabla hatujatawanyika, ili kamati ianze kazi.