Fulana Iliyochapwa: Kukauka si Kuiva



Fulana za harusi, za timu za mpira na za vikundi vya kuweka na kukopa siku hizi huchapwa majumbani kwa wavu na wino. Kikundi huchangishana, huagiza fulana arobaini, na siku ya kwanza ya kufua maandishi hubaki kwenye beseni. Mara nyingi wino hauna kosa. Fulana ilianikwa, ikaguswa, ikadhaniwa kuwa tayari.

Kukauka ni maji kuondoka katika wino. Kuiva ni gundi iliyomo kushikamana na nyuzi za pamba, na kwa wino mwingi wa maji jambo hilo huhitaji joto la takriban nyuzijoto 150 hadi 160 za Selsiasi. Jua letu, hata la Januari, haliifikishi nguo kwenye nusu ya joto hilo. Wino wa plastiki ndio kabisa: hauna maji, na bila moto hautakauka hata ukianikwa wiki nzima.

Kwa ndugu zetu wa Nyamisati, Mbwera na Salale, ipo taabu nyingine. Hewa ya mito na mikoko ni nzito, na wakati wa masika fulana iliyochapwa asubuhi huweza kuwa mbichi hadi jioni. Ikipigwa pasi katika hali hiyo, joto huishia kuchemsha maji, na gundi haipati sehemu yake. Ianikeni chini ya paa, penye upepo, usiku kucha ikibidi, wala msizipange moja juu ya nyingine.

Ikishakauka, funikeni maandishi kwa kitambaa safi cha pamba, mpige pasi isiyo na mvuke kwa dakika tatu hadi tano kila sehemu, mkiisogeza daima. Pasi ya mkaa haina kipimo cha joto, hivyo ijaribuni kwanza juu ya kitambaa chakavu. Kikigeuka njano, isubirini ipoe. Iwasheni nje, kwani hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua. Fulana ya poliesta haivumilii moto huo. Ulizeni aina ya kitambaa kabla ya kuagiza.

Mnunuzi asimalize malipo kabla ya kuona fulana moja ya mfano. Aisugue kwa kitambaa cheupe chenye maji. Rangi ikihamia, haijaiva, na kabla ya kufuliwa bado yaweza kuokolewa: irudishwe kwenye pasi. Adai pia risiti yenye idadi, bei na tarehe. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 humlinda mlaji, lakini asiye na maandishi hupata shida kuthibitisha alichoagiza.

Mkishaipokea, ngojeni siku tatu ndipo mfue, kwa maji baridi, ndani ikiwa nje, bila jiki.