Anayetutabiria Mvua Naye ni Mfanyakazi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi katika mkutano mkuu wa chama kikuu)



Mbele yenu ipo hoja ya kuingia mkataba na kampuni binafsi ya utabiri wa hali ya hewa, ili wanachama wapate habari za mvua katika simu zao kabla ya kupanda. Wengi waliotangulia kusema wameuliza bei. Ni swali la haki, kwani fedha ni za wanachama. Mimi naomba tuwatazame pia watu watakaotufanyia kazi hiyo, maana katika makaratasi tuliyogawiwa hawakutajwa hata kwa mstari mmoja.

Tusidhani kwamba utabiri hutoka katika kompyuta kama unga utokavyo kinuni. Vituo vya hali ya hewa duniani hupima anga kwa saa zilizokubaliwa na mataifa, na saa kuu za vipimo hivyo kwetu huangukia saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Vipimo hivyo, pamoja na habari za setilaiti, huingizwa katika kompyuta kubwa, nazo hutoa makadirio baada ya saa kadhaa. Ndipo mtaalamu huketi kuyalinganisha na hali ilivyo, akapima lipi la kuaminiwa na lipi la kutiliwa shaka. Mkulima anayetaka habari kabla ya kushika jembe alfajiri anataka, kwa hakika, mtu aliyekesha. Anga haina Jumapili wala sikukuu, hivyo kazi hii haina budi kuwa ya zamu. Ubaya si zamu; ubaya ni zamu zisizo na kikomo.

Nitatoa mfano wa Japani. Sheria ya huko, iliyorekebishwa mwaka 1993, inazitaka kampuni ziwatumie watabiri waliofaulu mtihani wa taifa, na katika kila watahiniwa 100 hufaulu kama 5 tu. Vijana huitamani sana kazi hii, na anayeitamani kazi huwa mwepesi wa kukubali lolote. Mwaka 2008 kijana wa miaka 25, mwajiriwa wa miezi michache katika kampuni moja ya utabiri, alijitoa uhai. Saa zake za ziada zilikuwa zimepita 200 katika mwezi mmoja. Mwaka 2010 ofisi ya serikali ya ukaguzi wa kazi ilikubali kwamba kifo hicho kilitokana na kazi kupita kiasi. Wajapani wana neno mahususi kwa vifo vya namna hiyo, karoshi. Inasikitisha kwamba neno hilo limehitajiwa.

Kwetu Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa juma, na saa za ziada zisizozidi 50 katika majuma manne. Kazi ya usiku huongezewa asilimia 5 ya mshahara, kiasi ambacho mimi nakiona kidogo kwa mtu aliyeuza usingizi wake. Lakini kampuni yaweza kutuuzia utabiri hapa ilhali watabiri wake wamekaa nchi nyingine, mahali ambapo mkaguzi wetu wa kazi hafiki. Huko kitakachofika ni mkataba wetu peke yake.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya kampuni na watu wake. Sikubali. Mvua za mwanzo za vuli hudanganya: hunyesha siku tatu, kisha jua hukaa majuma mawili, mahindi huota na kukauka, na mkopo wa pembejeo hubaki palepale. Kuzitambua mvua hizo kwataka akili iliyopumzika. Kwataka pia mtu asiyeogopa kuandika “huenda”, maana anayetishiwa kufukuzwa kwa kosa moja atatuandikia yale yatakayomlinda yeye.

Tena, Ndugu Wajumbe, sisi ndio tulioanzisha ushirika kwa sababu mnunuzi wa kahawa alitaka bei ya chini bila kujali jasho la mkulima. Leo sisi ndio wanunuzi.

Kwa hiyo naomba hoja irekebishwe. Kabla ya kutia sahihi, kampuni itueleze kwa maandishi ina watabiri wangapi katika kila zamu, wanafanyia kazi wapi, wanapumzika saa ngapi kati ya zamu na zamu, na kama wana uhuru wa kujiunga na chama cha wafanyakazi. Majibu hayo yawe sehemu ya mkataba, na yakikiukwa chama kikuu kiwe na haki ya kuuvunja. Bei ikipanda kwa ajili hiyo, Kamati ipeleke hesabu kamili kwa vyama vya msingi, wanachama wenyewe waamue kabla ya vuli.