Njaa ya Mtu Aliyeshiba



Nimeombwa niseme machache juu ya afya ya watu tunaowatumikia na watoto tunaowafundisha. Nimechagua ugonjwa usiopigiwa kelele, uitwao siliaki, na hasa namna unavyomnyima mtu vitamini ilhali sahani yake imejaa. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Yafaa tuyajue mawingu ya ugonjwa huu.

Siliaki hutokana na kinga ya mwili kumgeukia mwenyewe. Ngano, shayiri na rai, nafaka ya nchi za baridi, zina protini iitwayo gluteni, ile inayoufanya unga wa ngano uvutike unapokandwa. Kwa watu wengi protini hii haina madhara. Lakini mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo wake mwembamba. Ndani ya utumbo huo mna vijinyama vidogo mno, vilivyosimama kama nyuzi za zulia, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula na kukitia katika damu. Vikishambuliwa, hufupika na kutoweka. Chakula hupita, na mwili haukipati.

Sehemu inayoumia zaidi ni ile ya mwanzo wa utumbo, ambapo madini ya chuma, kalisiamu na vitamini ya foleti hufyonzwa. Kwa sababu hiyo dalili ya kwanza kwa wengi ni upungufu wa damu: uchovu, weupe wa viganja na kope, moyo kwenda mbio kwa kazi ndogo. Mafuta nayo yasipofyonzwa, vitamini A, D, E na K, ambazo husafiri pamoja na mafuta, hupotea. Akikosa A, mtu haoni vizuri jioni inapoingia. Akikosa D, mtoto hupata matege, na mtu mzima huumwa mifupa na huvunjika kwa urahisi. Akikosa E, misuli hulegea na mwendo huyumba. Akikosa K, damu huchelewa kuganda, na michubuko hutokea kwa kuguswa tu. Upungufu wa B12 huleta ganzi na kuchomachoma miguuni, na kusahausahau. Vidonda vya mdomo na ulimi unaowaka huonekana pale baadhi ya vitamini za kundi B, au chuma, zinapopungua.

Ndugu zangu, hapa yatupasa kuwa waangalifu. Dalili moja ina wazazi wengi. Katika nchi zetu damu hupungua kwa malaria, kwa minyoo ya safura, na kwa chakula duni. Hayo ndiyo ya kutazamwa kwanza. Siliaki hushukiwa pale ambapo hayo yametibiwa, vidonge vya chuma vimemezwa miezi kadhaa, na damu haipandi; pale mtoto anapoharisha mara kwa mara, tumbo limevimba, kimo hakiongezeki; au pale ndugu wa damu anapokuwa na ugonjwa huo. Tena wako watu wazima wenye siliaki wasioharisha hata siku moja. Kwao, upungufu wa damu au mifupa dhaifu ndiyo dalili pekee.

Ilichukua muda mrefu kuufahamu ugonjwa huu, na historia yake ina mafunzo. Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London alieleza hali ya watoto waliodhoofu kwa namna hii, akahisi kwamba kama tiba ipo, imo katika chakula. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York alitangaza kwamba amewatibu watoto kwa kuwalisha ndizi. Watoto walipona kweli, na sifa ikaenda kwa ndizi, kumbe kilichowaponya ni mkate ulioondolewa mezani. Aliyekifumbua kitendawili ni daktari Willem Dicke wa Uholanzi. Yeye alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya vita. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, sehemu ya nchi yake ilipokumbwa na njaa na mkate ukaadimika, watoto wenye siliaki walipata nafuu. Mkate uliporejea, ugonjwa ukarejea. Mwaka 1950 aliyaandika hayo katika tasnifu yake ya udaktari.

Barani kwetu Afrika uko mfano mwingine. Wakimbizi wa Sahara Magharibi wanaishi katika makambi karibu na Tindouf, nchini Algeria, tangu miaka ya 1970. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999, uliohusu watoto wao wapatao 1,000, ulikuta siliaki kwa watoto zaidi ya 5 katika kila 100. Katika nchi nyingi duniani kadirio ni mtu 1 hivi katika 100. Na chakula kikuu cha makambi hayo ni unga wa ngano. Msaada uliotolewa kwa nia njema ulikuwa ukiwaumiza baadhi ya wanaosaidiwa. Kila mmoja wetu anayepanga chakula cha watu wengi, shuleni, hospitalini au kambini, na alitafakari jambo hilo.

Sasa, tufanye nini?

Kwanza, mwalimu asiharakishe kumwita mtoto mvivu. Anayesinzia kila siku, asiyekua kama wenzake, anayejikwaa jioni, mzazi wake aitwe na kushauriwa ampeleke hospitali. Mwalimu hatibu ugonjwa, lakini huona kila siku yale ambayo daktari huyaona mara moja kwa mwaka.

Pili, tusijitibu kwa kununua vidonge. Vitamini A na D zikizidi ni sumu. Foleti peke yake yaweza kuipandisha damu huku upungufu wa B12 ukiendelea kuiharibu mishipa ya fahamu kimyakimya. Wala mtu asiache ngano kabla ya kupimwa. Siliaki hutafutwa kwa kipimo cha damu na, mara nyingi, kwa kuchukua kipande kidogo cha utumbo. Aliyeacha ngano mapema anaweza kuambiwa hana ugonjwa ilhali anao.

Tatu, ugonjwa ukithibitishwa, tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Hapo sisi tuna bahati. Mahindi, mchele, mtama, uwele, ulezi, muhogo, viazi, ndizi na maharage havina gluteni. Mgonjwa wetu anaweza kushiba vyakula vya shamba lake. Hatari imo katika mkate, chapati, maandazi, sambusa, tambi na biskuti. Katika uji wa lishe uliochanganywa ngano. Katika mashine inayosaga ngano na mahindi pamoja. Na katika mafuta yaliyokwisha kukaangia maandazi. Mpishi wa shule ya bweni anapaswa kuyajua haya, kwani kipande kidogo huuamsha ugonjwa. Utumbo hupona polepole, na kwa muda huo daktari huendelea kupima damu na kuongeza vitamini inayokosekana.

Ndugu Mwenyekiti, tumezoea kupambana na njaa kwa kuongeza chakula, na katika nyumba nyingi ndivyo ipasavyo. Lakini iko njaa ya mtu aliyeshiba, na hiyo haiponi kwa kumwongezea mkate. Tukimwona mtu anakula na bado anadhoofu, tusimlaumu yeye wala mama yake. Tuulize anakula nini, na mwili wake unapokea nini.