Somo la Redio: Je, Wajua Unachokiimba?

Sogeeni karibu na redio. Tena kila mmoja awe na kalamu na karatasi, maana katikati ya somo nitawaomba mwandike neno moja.

Leo tunazungumza juu ya nyimbo za kanisani. Wengi wenu mliimba kanisani miaka mingi kabla ya kujua hata herufi moja. Mlizishika nyimbo kwa masikio. Jirani aliimba, nawe ukamfuata. Na neno ambalo hukulisikia vizuri ulitia lako lililofanana nalo. Hapana aliyekucheka, maana sauti yako ilikuwa imo katikati ya sauti za wengine. Sasa mmejua kusoma, na kitabu cha nyimbo mmekishika wenyewe. Basi nawauliza: je, wajua unachokiimba?

Swali hili si jipya. Wakristo waliimba tangu mwanzo. Injili ya Marko yaeleza kwamba baada ya karamu ya mwisho, Yesu na wanafunzi wake waliimba kwanza, ndipo wakatoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Na mtume Paulo, alipowaandikia watu wa Korintho, aliwaambia kwamba yeye huimba kwa roho, lakini huimba kwa akili pia. Yaani alitaka anayeimba aelewe.

Yuko mtu mwingine aliyelifikiri sana jambo hili, naye ni Mwafrika. Ni Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria. Katika mwaka 386 Wakristo wa mji wa Milano, huko Italia, walikuwa katika shida. Mama yake Kaisari alitaka kuwanyang'anya kanisa. Watu wakakaa ndani ya kanisa pamoja na askofu wao, Ambrosi, wakakesha wakiimba ili wasikate tamaa. Agostino alikuwako mjini siku zile, na baadaye nyimbo za kanisa lile zilimtoa machozi. Lakini alipokuwa askofu mwenyewe, aliandika kwamba yako hatari. Alisema kwamba kila mara sauti ilipomgusa kuliko maneno yaliyoimbwa, alijiona amekosa. Hakutaka nyimbo ziondolewe, la. Alijua zinamsaidia mtu dhaifu wa moyo. Alitaka tu sauti iyachukue maneno, isiyameze.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni neno hili: barabara. Lisomeni. Ukitia mkazo katika silabi ya tatu, ba-ra-BA-ra, umetaja njia ya magari. Ukitia mkazo katika silabi ya pili, ba-RA-ba-ra, umesema sawasawa, kama inavyotakiwa. Herufi ni zile zile, lakini mkazo umegeuza maana. Maneno ya Kiswahili, karibu yote, hutiwa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho: MU-ngu, BWA-na, ku-O-mba. Hamkufundishwa hivyo na mtu. Mlinyonya pamoja na maziwa ya mama.

Wamisionari walipokuja, walileta nyimbo za Ulaya na Marekani. Walitafsiri maneno, sauti wakaiacha ilivyokuwa. Kazi ile ilikuwa ngumu, wala hatuidharau. Walihesabu silabi kwa uangalifu: sauti ina silabi nane, basi na Kiswahili kiwe na silabi nane. Lakini maneno mengi ya Kiingereza ni mafupi, ya silabi moja tu, na mstari wa wimbo wao mara nyingi huishia katika silabi nzito. Kiswahili kikivikwa sauti hiyo, uzito huangukia mahali pasipo pake. Ndipo tunasikia mu-NGU na bwa-NA. Katika lugha kama Kikikuyu na Kiganda mambo ni magumu zaidi, maana huko hata kupanda na kushuka kwa sauti kwaweza kugeuza maana ya neno.

Tena kuna habari ya pumzi. Tuseme mstari ni huu, nimeutunga sasa hivi: Amekuja kutuokoa. Sauti ikituama katikati, watu watavuta pumzi baada ya "kutuo", kisha wote kwa nguvu wataimba "koa". Na koa ni nani? Ni yule mdudu mlaini anayekula mboga zetu bustanini usiku! Mtu mzima aelewa kwa kuwa amezoea. Lakini mtoto, au mgeni aliyeingia kanisani siku ile, atashika nini?

Tusidhani kwamba dawa ni kuzitupa nyimbo hizo. Nyingi zimekwisha kuwa zetu. Zimewazika wazee wetu na kutufariji. Lakini wako waliotafuta njia nyingine. Mwaka 1968 kilitoka kitabu kiitwacho Tumshangilieni Mungu, kilichokusanywa na Howard Olson, mwalimu wa chuo cha theolojia cha Makumira, karibu na Arusha. Ndani yake maneno ya Kiswahili yaliwekwa katika sauti za Kiafrika. Na mwaka 1966 Mtanzania mmoja, Bernard Kyamanywa, alitunga maneno ya wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, kwa sauti ya nchini Tanzania. Wimbo huo ulitafsiriwa, na leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani. Zamani sisi tulijikaza kuimba sauti zao. Sasa na wao hujikaza kuimba yetu.

Na ngoma je? Wamisionari wengi wa kwanza walizikataza kanisani. Kwa Kiswahili ngoma ni chombo kile kipigwacho, tena ni uchezaji, tena ni shughuli nzima pamoja na pombe yake, na pengine pepo wake. Waliogopa shughuli, wakakifukuza na chombo. Lakini ukisoma Zaburi ya 150 utakuta matari na matoazi yametajwa pamoja na kinubi. Katika mwaka 1958 kwaya ya Kamina, nchini Congo, iliyoongozwa na padre Mbelgiji, Guido Haazen, ilirekodi Missa Luba, misa yenye ngoma na sauti za Kikongo. Hata hivyo maneno yake yalikuwa bado ya Kilatini. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Vatikano ulitoa hati iliyofungua mlango wa lugha za wenyeji katika ibada, na kutaka muziki wa mataifa upewe heshima yake. Kwa maoni yangu lugha ilikuwa jambo kubwa kuliko ngoma. Ngoma ikivuma juu ya maneno usiyoyaelewa, miguu itafurahi, akili itabaki mlangoni. Ni vivyo hivyo kwa vipaza sauti vya siku hizi.

Basi kazi yenu ya juma hili ni hii. Chagua wimbo unaoujua kwa moyo. Funga kitabu, uandike ubeti wa kwanza kama unavyouimba siku zote. Kisha fungua kitabu, ulinganishe neno kwa neno. Palipo na tofauti, piga mstari chini yake. Halafu usome ubeti wote kwa sauti, bila kuimba, kama vile unamwambia jirani habari. Neno usiloelewa liandike peke yake, ukamwulize mwalimu wako, au mchungaji, au katekista. Asiyekuwa Mkristo na achague wimbo wowote wa kwao, afanye vivyo hivyo.

Mwisho imba polepole, uangalie pumzi yako inakatia wapi. Karatasi zenu mzilete darasani. Kwaherini.