Tupime Maji Kabla ya Kununua Pampu

(Maelezo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wafugaji wa samaki aina ya mwatiko, Kiswere)



Nimeombwa nizungumzie pampu, maana lipo wazo la kukopa fedha ili inunuliwe kubwa. Niliulizwa, "Tununue ya inchi ngapi?" Mimi naomba tuanze kwa kuuliza bwawa linahitaji maji kiasi gani, na siku zipi.

Tuseme bwawa lina urefu wa mita 30, upana mita 20 na kina mita moja. Hilo huchukua lita 600,000. Tukitaka kubadilisha sehemu moja ya kumi kwa siku, tunahitaji lita 60,000. Sasa tazameni mfereji unaoleta maji ya bahari. Siku ya bamvua, pimeni mita 10 za mfereji, dondosheni kipande cha kumbi la nazi na kuhesabu sekunde. Mfereji ukiwa na upana wa mita moja na kina cha sentimita 30, na kumbi likapita kwa sekunde 40, basi, baada ya kupunguza kidogo kwa kuwa maji ya chini huenda polepole, mnaingiza kama lita 60 kwa sekunde. Lita 60,000 zinaingia kwa dakika 17 hivi, bila tone la mafuta!

Kwa hiyo pampu ni ya siku za maji mafu, bahari isipofika langoni, hasa kiangazi jua linapokausha bwawa na chumvi kuzidi. Kwa kazi hiyo haihitajiki mashine kubwa. Lita 500 kwa dakika zinamaliza lita 60,000 kwa saa mbili.

Lakini tahadharini na kibandiko. Kikisema lita 1,000 kwa dakika, hicho ni kiwango cha pampu isiyopandisha maji popote. Kila mita ya kupanda inapunguza, na bomba refu jembamba linapunguza zaidi. Kwa kiasi kile kile cha maji, msuguano ndani ya bomba la inchi 2 ni zaidi ya mara saba ya ule wa inchi 3. Wako wanaofunga bomba jembamba kwenye mashine kubwa, kisha wanamlaumu fundi. Mwambieni muuzaji aiwashe mbele yenu: mdomo wa bomba uinuliwe hadi kimo cha tuta lenu, chini yake pipa la lita 200. Likijaa kwa sekunde 24, ndizo zile lita 500 kwa dakika.

Upande wa kuvuta, kimo kutoka majini hadi kwenye pampu kisizidi mita 7. Huku kwetu bahari inakwenda na kurudi, hivyo chagueni inayobebeka na watu wawili, isije ikazamishwa na maji kujaa. Kila mkimaliza, isuuzeni kwa maji baridi.

Samaki wakionekana wanahema juu ya maji alfajiri, hewa imepungua. Hapo washeni pampu, na maji yaanguke kutoka juu yachanganyike na hewa.

Bamvua ijayo tukutane mfereji ulipo. Mimi nitakuja na saa, ninyi njooni na kumbi na futi kamba. Habari ya mkopo tutaizungumza tukishapata hesabu.